Uji Kabla ya Misa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, na mbele yangu alisimama mama mmoja aliyejifunga kichwa kwa kitambaa cha buluu. Pembeni mwa kitambaa yalichungulia majani yaliyopondwa. Sikuwa na haja ya kuuliza ni majani gani. Harufu ya mubirizi haifichiki: ukiivuta tu, uchungu wake unaufikia ulimi. Muuza dawa alimuuliza anataka nini, naye akajibu, "Nipe cha kichwa, chochote ulicho nacho." Alilisema lile "chochote" kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kujaribu mengi. Nikasahau kilichonipeleka pale. Nilijiona niko kijijini kwetu Kibimba, sijatimiza miaka tisa, nimekaa kizingitini mwa chumba cha wazazi wangu na bakuli la maji mapajani, nasubiri kichwa cha mama kiondoke.

Mnaolingana nami kwa umri mtakumbuka kwamba wakati ule kila kichwa kilikuwa malaria. Ukiharisha ni minyoo, ukikohoa ni mafua, na ukisema kichwa kinauma unapewa ile dawa chungu iliyotuwasha mwili mzima mpaka nyayo. Kichwa cha mama kilikataa kuingia kwenye mpangilio huo. Kilishika upande mmoja tu, nyuma ya jicho la kushoto, na kabla ya kufika kilimtumia salamu: aliona vimulimuli, vijimstari vya mwanga vilivyojipinda kama meno ya msumeno. Baada ya hapo hakutaka jua, hakutaka sauti, hakutaka hata harufu ya kitunguu. Alitapika mpaka nyongo. Siku mbili, wakati mwingine tatu, alilala amegeukia ukuta. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba ugonjwa ule una jina lake, kipandauso. Sisi nyumbani tulisema tu "kichwa kimekuja", kama anavyotajwa ndugu mkorofi ambaye huwezi kumfungia mlango.

Mama alikuwa Msubi wa Nemba, huko Biharamulo, na baba yangu ni Mhangaza wa Kibimba. Jina la mama lilikuwa Skolastika, lakini kila mtu alimwita Mama Evodia, kwa sababu Evodia ni mimi na wakati ule sikuwa na mdogo wangu. Nataka niseme wazi kwamba sijawahi kuona mtu anayeugua kwa adabu kama yeye. Vimulimuli vikimkuta shambani, alimaliza kwanza mstari wa maharage aliokuwa anaupalilia, akakwangua udongo kwenye jembe, akanipa maagizo. "Evodia, nakwenda kulala. Ndizi zimekwisha kumenywa. Usiongeze chumvi, baba yako ataiongeza mwenyewe." Kisha alitembea kwenda nyumbani amenyooka, jicho moja amelifumba. Mimi nikadhani haumwi sana. Mtoto hupima maumivu kwa kelele, na mama hakuwa na kelele.

Uani kwetu zilikuwa nyumba mbili, yetu na ya bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa Mkatoliki wa zamani, wa rozari tano kwa siku, na mtu wa maneno machache ambayo yakishatoka hayarudi. Siku moja tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi nyuma yake, yeye na jirani mbele. Jirani akauliza kichwa cha mkamwana wake kilianza lini. Bibi akajibu kwa Kihangaza, bila hasira yoyote, "Kilikuja na huyu mtoto." Alikuwa anasema ukweli tu. Mama alianza kuumwa miezi michache baada ya kunizaa, na akina mama wengi huanzia hapo. Lakini mimi nilichosikia ni kwamba tulikuja pamoja, mimi na hicho kichwa, na kwamba nilipokuwa mdogo kabisa niliingia mle nikaacha kitu, au pengine bado nimo.

Nikaanza kujichunguza. Niliimba Jumamosi, kichwa kikaja Jumapili. Nilivunja mtungi, kikaja baada ya siku mbili. Niliacha kuruka kamba. Nilijifunza kutembea kwa ncha za vidole, kuweka sufuria chini bila kutoa mlio, kutafuna bila kusikika. Niliacha kuimba kabisa. Mwalimu wangu akamwambia baba kwamba nina heshima kuliko wenzangu wote darasani, na baba akanipa mkono kama mtu mzima. Sikuwa na heshima yoyote. Nilikuwa naogopa kumuua mama yangu.

Wakati huohuo dawa zilikuwa zinapita nyumbani kwetu kama wageni wa harusi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na kila aliyekuja alikuwa na yake. Bibi alileta mubirizi, akauponda kwa jiwe, akaufunga kwenye kipaji cha uso mpaka maji ya kijani yakamtiririkia mama shingoni. Mama mmoja wa jumuiya yetu alileta ugoro, akamwambia avute puani. Mama alipiga chafya kumi na nne, nilizihesabu, na kila chafya ilikipasua kichwa upya. Mwingine alisema anywe maji yaliyochemshiwa mizizi, mwingine akasema asinywe maji kabisa. Zahanati moja ya kijijini walimpa dawa ya malaria mara nyingi hata masikio yakawa yanamlia. Na kila mara mama alimwambia aliyemletea, "Asante, nimepata nafuu kidogo." Baba alimuuliza kwa nini anasema hivyo wakati hajapata. Akajibu, "Amepanda mlima kuniletea. Nimwambie nini?"

Katika waganga wote hao ninamkumbuka mmoja kwa upendo. Mama Masanja alikuwa Msukuma. Yeye na mumewe walihamia bondeni kwetu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alijua kuumika kwa pembe: anachanja ngozi kidogo kwa wembe, anaweka pembe fupi ya ng'ombe juu ya chale, anavuta hewa kwa mdomo kupitia kitundu kwenye ncha, anaziba kwa nta, na damu inakusanyika ndani. Mama alipelekwa kwake mara tatu, baba akisukuma baiskeli na mimi nikifuata nyuma.

"Kalibu, Mama Evodia. Habali ya kichwa?"

"Kipo."

"Leo tutajalibu upande wa nyuma."

Mara ya tatu Mama Masanja aliitazama ile damu kwenye pembe kwa muda mrefu, akaimwaga, akanawa mikono. "Shemeji," alimwambia baba, "mimi nimeshindwa. Damu ya huyu mama haina kosa lolote. Nikiendelea nitamwongezea vidonda tu." Akatupa maziwa ya mgando tukaondoka nayo. Nimekwisha kutana na watu wenye vyeti ukutani ambao hawawezi kutamka neno "nimeshindwa", na kila nikiwaona namkumbuka yule mama.

Sasa nieleze lile ambalo hakuna hata mmoja wetu aliliona, ingawa lilikuwa mbele ya macho yetu kila wiki. Kwa bibi, mtu anayekwenda kupokea komunyo hawezi kula wala kunywa tangu anapolala. Hivyo ndivyo alivyofundishwa akiwa msichana, na hivyo ndivyo alivyoifundisha nyumba yake. Jumapili tuliamka, hatukugusa kitu, tukatembea saa moja na nusu kwenda parokiani, kilima baada ya kilima, tukasali misa ndefu, tukarudi jua likiwa utosini. Na Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya kichwa. Mama, kwa kuwa aliamini sana, akaamua kumtolea Mungu mfungo wa kila Ijumaa ili amponye. Kichwa kikaja na Ijumaa. Akaona Mungu anataka zaidi, akaongeza Jumatano. Alikuwa anakilisha kile kichwa kwa njaa yake mwenyewe, na sisi wote tulimsifu kwa imani.

Ndipo bibi akatoa neno lake. Ilikuwa mchana, baba anatengeneza mpini wa jembe, mimi nafagia.

"Maharage yakishavunwa, mkeo aende kwao Nemba," alisema. "Huenda kuna kitu cha ukoo wao hawajakitimiza. Wakamtazame."

"Atakaa muda gani?" baba akauliza.

"Mpaka apone."

Baba akaendelea kuuchonga mpini. Mimi niliacha kufagia. Kwenye mlima wetu kulikuwa na mama aliyerudishwa kwao "mpaka apone", na watoto wake nilichota nao maji. Mkubwa wao alikuwa amekwisha kuota ndevu na mama yao hajarudi. Bibi aliona ameshatoa neno la huruma, maana aliongeza, "Amngoje kwanza mtoto apokee komunyo yake ya kwanza." Komunyo yangu ilikuwa Jumapili iliyofuata. Mavuno ya maharage yalibakiza wiki chache.

Katekista alikuwa ametufundisha kwamba mtu anaweza kujinyima kwa ajili ya mwenzake, na Mungu akapokea. Nikafikiri: kama mimi ndimi ninayekaa kichwani mwa mama, basi mfungo wake haufiki kokote, ninapaswa kufunga mimi. Wiki ile ya mwisho ya mafundisho tulikwenda parokiani kila siku. Asubuhi mama alinikorogea uji wa ulezi, nami nikatoka nao nje na kumpa mbuzi wa bibi. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Jioni nilikula kama kawaida ili wasishtuke. Yule mbuzi alinenepa akawa ananifuata hadi njiani. Ijumaa, tukiwa tumepangwa mistari miwili mbele ya kanisa tunajifunza kutembea mikono imekunjwa, jua likawa jeupe, masikio yakaziba, na kitu kingine ninachokumbuka ni harufu ya dawa ya kuoshea sakafu.

Zahanati ya pale jirani na parokia ilikuwa na nesi mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, jina lake Leokadia. Alifunua kope langu, akanigusa paji la uso.

"Shikamoo," nikasema, maana sikujua la kusema.

"Marahaba. Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Jana asubuhi?"

Nikageuzia uso ukutani. Akanitazama kwa jicho lile la watu waliozoea watoto. Alikwenda akarudi na kikombe cha uji, nikasema sitaki, akasema, "Mgonjwa haulizwi uji," akanisimamia mpaka nikaumaliza.

Mama alikuwa ameitwa shambani na mmoja wa wenzangu, akaja mbio, kilima baada ya kilima, mchana ule wa jua, na ilikuwa Ijumaa. Alipofika mlangoni alishika fremu kwa mikono miwili. Nilijua kabla hajasema. Jicho la kushoto lilikuwa limefumbwa. Alinyoosha mkono kunigusa, akageuka, nesi akawahi kumwekea beseni.

"Na wewe, mama, umekula nini leo?" nesi aliuliza alipokwisha kutapika.

"Leo ni Ijumaa."

"Najua ni Ijumaa. Mimi nimeuliza umekula nini."

Alimlaza kwenye kichumba cha stoo, akatundika kanga dirishani, akaweka kitambaa cha maji baridi juu ya paji la uso. Alimchoma sindano ya kuzuia kutapika, akampa vidonge vya maumivu na uji kidogo kidogo kwa kijiko. Kisha akafunga mlango na kutukataza kuongea. Baba alifika na baiskeli, akasimama nje ameshika kofia. Nesi akamketisha kwenye benchi nililolalia, akamuuliza kichwa kinakuja siku zipi.

Baba yangu si msemaji. Nilidhani atasema hajui. Akasema, "Jumapili. Ijumaa, na sasa Jumatano. Siku za mnada, akishinda juani. Mwaka jana siku ya kuchuma kahawa tulipochelewa kula. Na siku zake za mwezi zikikaribia, hapo kinakuja hata kama amekula." Akafikiri kidogo. "Mtoto akiumwa asilale, kesho yake pia."

Nesi aliweka kalamu chini. "Umeandika wapi haya?"

"Sijaandika. Ninamwona."

Miaka yote ile, mtu aliyenyamaza kuliko wote uani kwetu ndiye aliyekuwa akitazama. Hakujua tu kwamba alichokiona ni kitu cha kumwambia daktari. Nilimpenda sana baba wakati ule, nikaona haya kwa sababu nilikuwa nimedhani hajali.

Mama alipoamka, jua likiwa limeinama, nesi alisikiliza kwanza habari ya mstari wa maharage na ya Nemba, kisha akazungumza nao wote wawili, na mimi nikajifanya nimelala. Aliwaambia kwamba kichwa cha namna hiyo hakitoki kwenye damu wala kwa mizimu ya Nemba. Ni ugonjwa, na wengine huzaliwa na mwelekeo wa kuupata. "Siwezi kuking'oa, mama, nisikudanganye. Ninachoweza ni kukufundisha kuishi nacho. Hakipendi njaa. Hakipendi kiu, wala kukosa usingizi, wala jua la utosini bila kofia. Na ukiona vimulimuli, usimalize mstari wa maharage. Hapohapo kula kidogo, meza dawa, kunywa na kikombe cha kahawa nzito, ingia gizani ulale. Ukingoja mpaka kikuzidi, kidonge kitakuwa kama mtu anayefika msibani baada ya mazishi." Akamwonya asimeze vidonge zaidi ya siku mbili katika wiki, kwa sababu vikizoeleka navyo huleta kichwa. Ikishindikana, hospitali kubwa wana dawa za kumezwa kila siku ili kisije mara kwa mara.

Mama alisikiliza yote, akasema kwa upole, "Nitafanya. Ila kula kabla ya komunyo siwezi."

Nesi Leokadia hakubishana naye. Aliniamsha, akanituma nikamwite padri, na padri akaja na kandambili miguuni, ana chaki mikononi kutoka kwenye mafundisho. Alipoelezwa alishangaa. "Nani amewaambia tangu usiku? Sheria hiyo ililegezwa kabla wewe hujazaliwa, mama. Ni saa moja tu kabla ya kukomunika, na maji hayamo. Mgonjwa hata hiyo saa moja haimfungi."

Mama alimtazama padri, akamtazama baba. Alianza kucheka, akajishika kichwa kwa sababu kucheka kulimuuma, kisha akalia. Padri akatazama kandambili zake. Ndipo nesi akanigeukia na kuniuliza mbele ya wote kwa nini nami sikuwa nakula. Nikasema nilikuwa namfungia mama. Sababu yenyewe sikuitoa. Mama alinivuta akanikumbatia, na mimi nikajikaza nisimguse kichwa.

Bibi hakukubali. "Padri yule ni mtoto," alisema. "Na nesi ni mtu wa vidonge." Jumapili ya komunyo yangu, alfajiri, baba alikwenda jikoni mwenyewe. Kwa mwanaume wa Kibimba, tena mwenyekiti wa jumuiya, hilo peke yake lingetosha kuzungumzwa kwa wiki mbili. Alikoroga uji, ukawa na madonge, akaumimina kwenye kikombe kikubwa, akapita nao katikati ya ua mbele ya bibi aliyekuwa tayari amevaa, akampa mama. "Kunywa," alisema. Mama alimtazama bibi, akamtazama mumewe, akanywa mpaka na madonge. Mimi alinipa cha kwangu. Njiani bibi alitembea mbele peke yake na rozari yake. Siku ile mama aliniona nikipokea komunyo kwa macho yake yote mawili, akarudi nyumbani akapika.

Jioni bibi akamwambia baba, "Tutaona. Kikirudi kabla maharage hayajaisha, ataenda." Baba akasema, "Tutaona." Zikapita Jumapili nne. Kila asubuhi nilitazama jicho la kushoto la mama kabla ya kumsalimia. Maharage yaling'olewa, yakaanikwa, yakawa yanapurwa uani kwa fimbo. Ilibaki siku moja ya kupura. Asubuhi ya siku hiyo, baba akiwa amekwenda kuazima turubai, mama alisimama katikati ya ua na fimbo mkononi, akapepesa macho hewani.

"Evodia," alisema polepole, "vimekuja."

Bibi alisikia. Aliingia chumbani kwa mama, akatoka na mfuko na vitenge vyote vya mama vimekunjwa ndani, akakaa nao mlangoni kwake, miguuni pake, kumngojea baba.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilimpokonya mama fimbo. Nilimpa uji uliobaki, nikamletea kidonge cha nesi kutoka kwenye kikopo, nikachemsha kahawa mpaka ikawa nyeusi kama masizi. Nilitundika blanketi dirishani, nikalowesha kitambaa, nikakiweka kwenye paji lake la uso. Kisha nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni kwa ncha za vidole.

"Unakwenda wapi? Kaa hapa," mama akasema gizani.

"Nikikaa hakitaondoka."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu bibi na mahindi, kuhusu kuimba, mtungi, na mbuzi aliyekunywa uji wangu. Nilinong'ona yote kwa mara moja, nikilia bila sauti kama nilivyojizoeza. Mama aligeuka kutoka ukutani. Akatafuta mkono wangu, akauweka palepale panapouma, nyuma ya jicho, akaukandamiza kwa mkono wake.

"Evodia, wewe ulikaa tumboni mwangu," alisema. "Kichwani hujawahi kukaa. Sasa nyamaza nilale."

Sikuondoa mkono. Ulikufa ganzi na sikuuondoa. Baba alirudi, nikasikia sauti yake na ya bibi uani, sikusikia maneno. Jua lilizunguka nyumba. Lilikuwa halijafika kwenye migomba ya upande wa pili mama alipofumbua macho, yote mawili, akauliza kama maharage yamepurwa. Akajitazama, akakaa. Akainuka. Mtu aliyekuwa akilala siku tatu alitoka nje mchana uleule kwa miguu yake, amepauka, amejifunga kanga kichwani kukinga mwanga, akaomba ndizi na maharage.

Bibi alikuwa bado mlangoni kwake na mfuko. Alimtazama mama akila. Alitazama jua, akamtazama tena. Halafu akaufungua mfuko, akatoa kitenge cha kwanza, akakikung'uta ingawa kilikuwa kisafi, akakianika kwenye kamba. Akatoa cha pili.

Nilimsogelea mama nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, sauti yangu ambayo nilikuwa karibu kuisahau, kama bado anakwenda Nemba.

"Nitakwenda, kwani si kwetu?" alisema. "Krismasi tutakwenda sote watatu, ukawasalimie wajomba zako."

Bibi alikuwa anabana kitenge cha mwisho, ametupa mgongo.

"Msikae sana huko," alisema.